Kichwa kizito si imani dhaifu

 

Ndugu zangu Waislamu, katika darsa zetu za hapa Kilosa na kule Mikumi kuna swali ambalo haliulizwi mbele ya watu. Muulizaji husubiri wenzake watawanyike, ndipo asogee na kusema kwa sauti ya chini: Ustadhi, kichwa changu siku hizi hakishiki kitu. Nasali, lakini sijui nimefikisha rakaa ngapi. Nasoma ukurasa wa Msahafu, nikiufunga sikumbuki nilichosoma. Nikitumwa sokoni nafika nimesahau nilichotumwa. Je, ndiyo kusema imani yangu imeondoka?

Mtu huyu mara nyingi hukutana na majibu mawili. La kwanza ni kwamba imani yake ni dhaifu, akazane na ibada. La pili ni kwamba ana jini, atafutiwe mtaalamu. Jibu la kwanza humfanya auonee aibu msikiti, aanze kukosa jamaa, kisha Ijumaa, mwisho aache kabisa. Jibu la pili humfanya auze mbuzi, kisha shamba, kwa ajili ya kafara na hirizi. Wote wawili kichwa hubaki kizito kama kilivyokuwa, na mmoja kapoteza msikiti, mwingine kapoteza mali. Kwa hiyo suala hili si dogo, na haifai kulijibu kwa mkato.

Wataalamu wa afya wanaielezea hali hii kuwa ni kama ukungu kutanda akilini. Si jina la ugonjwa mmoja. Ni mkusanyiko wa dalili: kusahau sahau, kushindwa kutulia kwenye jambo moja, kufikiri polepole, na kukosa neno ambalo ulikuwa nalo ulimini. Moja ya sababu zake kubwa ni wasiwasi na msongo wa mawazo wa muda mrefu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 301 duniani walikuwa wanaishi na maradhi ya wasiwasi. Kwa hiyo anayeulizia kwa kunong'ona asijione yuko peke yake.

Allah (s.w.) ameuumba mwili uwe na namna ya kujihami. Mtu akiona hatari, mwili humwaga homoni za kumwandaa kupambana au kukimbia. Moyo huenda mbio, misuli hukaza, macho na masikio hutafuta hatari iko wapi. Hii ni rehma, kwani ndiyo inayomwokoa mtu aliyekutana na nyati. Lakini hatari inapokuwa haiondoki, ikawa ni deni, au kesi ya ardhi, au mtoto mgonjwa, mwili hukaa katika hali ya tahadhari usiku na mchana. Usingizi hukatika. Ile sehemu ya mbele ya ubongo, inayopanga mambo na kuyashika kwa muda mfupi, huelemewa. Ni kama meza ndogo iliyokwisha kujaa mizigo. Ukiweka kitabu juu yake, kitaanguka tu, si kwa sababu kitabu ni kibaya, bali kwa sababu meza haina nafasi.

Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti uliofanywa kwa wakulima wa miwa nchini India. Wakulima wale wale walipimwa uwezo wa kufikiri kabla ya mavuno, wakati mfuko umekauka na madeni yanadaiwa, kisha wakapimwa baada ya mavuno. Walifanya vizuri zaidi baada ya mavuno. Akili zao hazikubadilika. Kilichobadilika ni mzigo uliokuwa juu ya akili hizo. Wakulima wetu wa miwa wa Ruhembe na Kidodi hawahitaji kusafiri hadi India ili kulielewa jambo hili.

Na wilaya yetu ina mizigo yake. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 mto Mkondoa ulivunja tuta na kuingia mjini Kilosa. Maelfu ya watu walikosa makazi, wakaishi kwenye mahema, na reli ya kati ikasombwa kati ya Kilosa na Gulwe. Januari 2014 yakaja mafuriko ya Dumila na Magole. Maji ya Mkondoa hutoka mbali, upande wa Dodoma na milimani, hivyo mto unaweza kujaa hata kama hapa mjini halijadondoka tone. Aliyewahi kuamka usiku akakuta maji yamefika kitandani, mawingu yakitanda tu moyo wake hushtuka. Na kabla ya hapo, Desemba 2000, zaidi ya watu 30 waliuawa Rudewa Mbuyuni katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Yatima wa siku ile leo ni watu wazima, wana familia, na pengine wamesimama katika safu moja nasi. Je, tunaweza kumwambia mmoja wao kwamba tatizo lake ni uchache wa imani?

Turejee katika Kitabu cha Allah. Katika Suratul Qasas (28:10) tunaelezwa habari za mama yake Nabii Musa (a.s.). Mwanamke huyu Allah mwenyewe alimfunulia la kufanya na kumuahidi kwamba mwanawe atarudishwa. Pamoja na ahadi hiyo, baada ya kumtia mtoto mtoni, Qur'an inasema moyo wake ukawa mtupu, akakaribia kuidhihirisha siri, lau si Allah kuuimarisha moyo wake. Moyo mtupu! Hii ndiyo hali anayoieleza yule ndugu yetu baada ya darsa. Na Qur'an haikumlaumu mama huyu hata kwa neno moja. Kisha angalia alichofanya (28:11): alimwambia dada yake Musa amfuatilie. Hakujilazimisha kuubeba mzigo wote peke yake. Alimpa mtu wa karibu sehemu ya kazi.

Nabii Ya'qub (a.s.) naye alihuzunika hadi macho yake yakawa meupe (12:84). Alibaki kuwa Mtume wa Allah, na hakuna Muislamu anayeweza kuthubutu kusema kwamba imani yake ilipungua.

Tuangalie pia dua mashuhuri iliyopokewa na Imam Bukhari, ambayo Mtume (s.a.w.) alikuwa akiikithirisha. Ndani yake alijikinga kwa Allah kutokana na mambo manane: wasiwasi na huzuni, kushindwa na uvivu, ubakhili na woga, uzito wa deni na kulemewa na watu. Tafakari mpangilio huu. Wasiwasi na huzuni vimetangulia, kisha ndipo kikaja kushindwa. Na kushindwa kumetajwa mbali na uvivu. Mvivu ana uwezo lakini hataki. Aliyeshindwa anataka lakini hawezi. Mtume (s.a.w.) ametenganisha mambo haya mawili, nasi tumeyachanganya. Mwanafunzi ambaye akili imeganda kwa hofu tunamwita mvivu. Mama aliyeshindwa hata kupanga chakula cha jioni tunamwita mzembe. Tena dua hiyo hiyo imetaja deni, kwani deni ni katika yanayouzidishia moyo uzito.

Sheria yetu pia imezingatia kuwa akili ya binadamu huchoka. Mtume (s.a.w.) amemkataza kadhi kuhukumu baina ya watu akiwa na ghadhabu, na wanazuoni wakaongeza kwa qiyasi njaa kali, huzuni nzito na usingizi, kwa sababu vyote huvuruga fikra. Anayesinzia katika swala ya usiku ameelekezwa akalale kwanza, asije akataka kuomba maghfira akajiapiza. Na Mtume (s.a.w.) mwenyewe aliwahi kutoa salamu baada ya rakaa mbili katika swala ya rakaa nne, akakumbushwa na Dhul-Yadayn, akaikamilisha na kusujudu sijda mbili. Pia aliwahi kuwaeleza maswahaba kwamba yeye ni binadamu, husahau kama wanavyosahau wao. Hivyo basi, mwenye kusahau rakaa hakutoka katika Uislamu. Ashike idadi aliyo na yakini nayo, akamilishe, kisha asujudu sijda ya kusahau. Na ambaye shaka imekuwa ndiyo ada yake kila siku, wanazuoni wamemwelekeza asiifuate shaka hiyo. Dini imekwisha kumfungulia mlango. Asiufunge yeye.

Sasa tufanye nini?

Kwanza ni usingizi. Baada ya msiba wa Uhud, Qur'an (3:154) inatueleza kwamba Allah aliwateremshia waumini utulivu, nao ulikuwa ni usingizi uliowafunika kundi miongoni mwao. Hivyo baada ya ghamu lilikuja sinzio, na sinzio hilo limeitwa amani. Sunna ya Mtume (s.a.w.) ilikuwa kutopenda maongezi baada ya Isha. Sisi tunamaliza Isha ndipo tunafungua simu hadi saa saba za usiku, kisha tunashangaa Alfajiri kichwa kuwa kama jiwe. Hapa nawakumbuka hasa ndugu zetu madereva wanaopita Mikumi. Barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia inapita takribani kilometa 50 ndani ya hifadhi ya Mikumi, ambayo ilianzishwa mwaka 1964, na tembo au twiga anaweza kukatiza wakati wowote. Dereva aliyekesha siku mbili kwa mirungi na vinywaji vya kuongeza nguvu hana akili ya kumwona tembo huyo kwa wakati. Ikiwa anayesinzia ameambiwa aiache swala ya usiku akalale, vipi kuhusu anayesinzia ameshika usukani na nyuma yake kuna roho za watu? Tajiri anayemshinikiza dereva wake asilale njiani naye ajue kwamba ataulizwa.

Pili ni kupunguza vilivyo juu ya meza. Andika unayotakiwa kufanya kesho, wala usiiachie akili. Fanya jambo moja, limalize, ndipo uende kwa jingine. Tembea kwa miguu, kula kwa wakati, punguza chai kali ya usiku. Katika kisomo, aya tatu kwa mazingatio ni bora kuliko juzuu inayopita bila kugusa moyo. Adhkari za asubuhi na jioni zisomwe taratibu, kwa pumzi iliyotulia. Ibada ni dawa, lakini isigeuzwe kuwa fimbo ya kujichapia.

Tatu ni kwenda hospitali. Mimi ni mwalimu wa dini, si daktari, na ukungu wa akili una sababu nyingi zaidi ya mawazo. Upungufu wa damu unaweza kuuleta. Sukari, maradhi ya tezi, malaria, baadhi ya dawa, na hata Uviko-19 vinaweza kuuleta. Bila vipimo huwezi kujua. Mtume (s.a.w.) ametuamrisha kujitibu, na aliyetaka kumwacha ngamia bila kumfunga alimwambia amfunge kwanza kisha atawakali. Sisi Waislamu ndio tuliokuwa na Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 Hijria (934), ambaye aliandika kitabu juu ya siha ya miili na nafsi, akifafanua kwamba nafsi nayo huugua na hutibiwa. Iweje leo tuone aibu kumpeleka ndugu yetu kwa daktari wa akili? Ruqya ya Qur'an ni haki na jini tunaamini wapo, lakini mwenye kusomewa asiambiwe aache dawa za hospitali. Na akianza kutamka kwamba ni heri afe, asiachwe peke yake hata saa moja. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Nne, na hili ni la kwetu sote, ni jamii kubeba sehemu yake. Maimamu wawaambie watu mimbarini kwamba mwenye moyo mzito ana nafasi katika safu. Misikiti yetu iliyo na mfuko wa zaka iwatazame wenye madeni, ambao Allah amewataja miongoni mwa wanaostahiki (9:60). Wanaodai wakumbuke amri ya kumpa muhula mwenye dhiki (2:280). Hii mikopo ya riba ambayo watu wenyewe wameipa jina la kausha damu imewakausha akina mama usingizi kabla ya kuwakausha damu. Huwezi kumpa mtu dua ya kuondoa wasiwasi asubuhi, kisha jioni ukamtumia kijana akachukue godoro lake kwa ajili ya deni.

Na kwako wewe unayesubiri watu watawanyike ndipo uulize: kuhuzunika kwako kwa sababu ya swala yako ni ushahidi kwamba moyo wako uko hai, kwani moyo uliokufa hauulizi. Usiuache msikiti. Njoo hata kama huikumbuki rakaa, simama nyuma ya imamu naye akuhesabie. Hiyo nayo ni faida ya jamaa.

Tunamuomba Allah (s.w.) azitulize nyoyo zetu, atuondolee wasiwasi na huzuni, atulipie madeni yetu kwa halali, awaponye wagonjwa wetu na atufanye tuwe faraja kwa ndugu zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.