Fardhi ya Kifaya na Masomo ya Afisa Afya

Mtumishi wa afya wa kijijini anapotaka kuacha kituo akasome shahada, huulizwa kwanza habari za vyeti. Jibu lake linajulikana: mwenye stashahada ya afya ya mazingira kutoka vyuo kama Mpwapwa au Ngudu anaweza kuomba shahada ya fani hiyo Muhimbili bila kupitia kidato cha sita, mradi ufaulu wake unatosha. Swali zito ni la wajibu: je, ana haki ya kuondoka?

Chukua mfano wa kata ya Mitundu, iliyo kusini mwa Itigi, mkoani Singida, upande wa kuelekea Rungwa. Kata ya namna hiyo ikiwa na afisa afya mmoja tu, yeye ndiye anayekagua vyoo kaya kwa kaya, anayehakikisha mama lishe wamepimwa afya, anayekwenda visimani kipindupindu kinaposikika, na anayebishana na mwenye bucha asiyetaka kuweka wavu wa kuzuia nzi. Akiondoka, siku hiyo hakuna mgonjwa atakayelalamika. Hasara huja baada ya miezi, tena kwa watoto wa kaya ambazo hazikujua kuwa zilikuwa zinalindwa. Ndiyo maana kuondoka kwake huonekana kwepesi kuliko kulivyo.

Wanazuoni wa Kiislamu wana kipimo kinachofaa hapa. Fardhi ya kifaya ni wajibu wa jamii nzima: wachache wakiutekeleza, wengine wamesalimika, usipotekelezwa, wote wana dhambi. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliihesabu tiba katika fardhi hizo, akawalaumu wanafunzi wa zama zake waliojazana kwenye fiqhi huku miji ikikosa tabibu Mwislamu. Pale anapobaki mtu mmoja tu mwenye uwezo, wajibu huo humwangukia yeye binafsi, ukawa fardhi aini.

Mwalimu Nyerere aliliona deni hilo kwa namna nyingine. Alimfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa ili apate nguvu ya kufuata msaada mbali. Asiporudi nao, ni msaliti. Azimio la Musoma la 1974 likataka wahitimu wa kidato cha sita watangulie kazini kabla ya chuo kikuu. Lakini hoja ya Nyerere inadai marejeo, na ahadi ya kurudi haikagui kisima leo.

Hata hivyo, elimu ya juu ya afya ya jamii nayo ni fardhi ya kifaya. Kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973, iliyotumia redio na vikundi vya kujisomea hadi watu wakachimba vyoo nchi nzima, ilihitaji wapangaji, na wapangaji wanaoijua nchi kavu ya Itigi hawapatikani bila vijana wa huko kusoma. Anayetaka shahada hastahili kuitwa mwenye tamaa.

Basi afisa aliye peke yake asubiri hadi apatikane wa kushika nafasi yake. Lakini halmashauri inayomwambia asubiri mwaka hadi mwaka bila kutafuta mtu inamtwisha mmoja fardhi ya wote, na hilo ni dhuluma. Barua ya ruhusa ya masomo isainiwe siku moja na barua ya kumpangia kituo atakayempokea.