Balagha ya Kifeministi na Suala la Mtenda: Mfano wa Nakuru na Naivasha

Uhakiki wa kifeministi hudai kwamba ukatili dhidi ya wanawake si mkusanyiko wa mikasa ya watu binafsi, bali ni zao la taasubi ya kiume iliyojikita katika sheria, mila na lugha. Wapinzani hujibu kwamba dai hilo ni balagha tupu: humtia hatiani kila mwanamume, na husahau umaskini, ardhi na ukabila. Mgogoro huu si wa darasani pekee. Matukio ya Nakuru na Naivasha ya Januari 2008 yanatoa mizani ya kuupimia.

Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliua watu 1,133 nchini Kenya, kwa mujibu wa Tume ya Waki, ambayo ripoti yake ya Oktoba 2008 ilitenga sura nzima kwa ukatili wa kingono. Katika ghasia za Nakuru na Naivasha, wanawake walibakwa na wanaume wa Kijaluo wakatahiriwa kwa nguvu. Tarehe 23 Januari 2012, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilithibitisha shtaka la ubakaji. Kuhusu tohara hiyo, ilikataa kuihesabu kuwa ukatili wa kingono, ikaiona kuwa kitendo kisicho cha kiutu kilichotokana na chuki ya kikabila. Mashtaka yaliyohusu miji hiyo hayakufikia hukumu. Yaliondolewa mwaka 2013 na 2014.

Kwa mtazamo wa haraka, uamuzi huo huwaunga mkono wapinzani: ikiwa mwanamume naye alidhulumiwa kwa ajili ya kabila lake, jinsia ina nafasi gani? Hata hivyo, hoja hii hujikata yenyewe. Aliyetahiriwa kwa nguvu alidhalilishwa kwa madai kwamba si mwanamume kamili. Aliyebakwa aligeuzwa ujumbe kwa waume na ndugu zake. Pande zote mbili uanaume ndio uliokuwa kipimo cha utu. Ukabila, basi, haukuiondoa jinsia. Uliazima lugha yake. Lakini ufeministi nao hausalimiki: balagha inayodhani kwamba mwanamke peke yake ndiye mwenye jinsia haiwezi kuusoma mwili wa pili.

Wala si kweli kwamba taasubi ni neno la mabishano tu. Kifungu cha 38 cha Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 kilimtishia mtoa madai ya uongo kwa adhabu sawa na ya kosa alilolidai. Kifungu hicho kilikuwa kikitumika Januari 2008, na kilifutwa mwaka 2012. Mlalamishi alitiliwa shaka kabla hajafungua kinywa.

Lugha nayo hushiriki. Kauli ya kutendwa humruhusu msemaji kusema "alibakwa", "aliuawa", kisha akanyamaza. Mtenda hutoweka bila sentensi kuharibika. Katika Rosa Mistika (1971), Kezilahabi hamfichi mtenda: Zakaria humpiga bintiye kwa sababu ya barua, na msomaji huuona mkono unaopiga, pombe na sheria ya nyumba kwa pamoja. Hapo ndipo ulipo wajibu wa kimaadili wa balagha ya kifeministi: kumtaja mtenda bila kuwashtaki wanaume wote, na kuitaja mila iliyomkabidhi fimbo bila kumwondolea lawama aliyeishika.