Tahara ya Chuma cha Kukaangia

Katika Kibaha na Kisarawe, ambako Waislamu na Wakristo huishi ukuta kwa ukuta na kuazimana vyombo vya shughuli, bamba la chuma la kuchomea chapati juu ya mafiga huzua swali la fikihi, yaani elimu ya hukumu za sheria ya Kiislamu: je, chuma kilichokaangiwa kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, chaweza kurudi katika tahara, au najisi imekwisha kukikaa daima?

Uzito wa swali unatokana na namna chuma kinavyotayarishwa. Bamba linalofaa ni nene kiasi cha kutopinda juu ya moto wa kuni, halina rangi wala zinki, ambayo ikiungua sana hutoa moshi unaodhuru, na kabla ya kutumiwa husuguliwa, hupakwa mafuta kidogo na kupashwa moto mara kadhaa, mpaka mafuta yageuke tabaka jeusi gumu linalozuia kutu na kuufanya unga usigande. Uzuri wa chuma kikuukuu, basi, ni mafuta ya zamani ambayo si mafuta tena na bado hayajaondoka.

Imamu Shafi, aliyefariki mwaka 820 na ambaye madhehebu yake hufuatwa na Waislamu wengi wa pwani, alijadili katika kitabu chake Al-Umm jambo lililo karibu sana na hili: chuma kilichopashwa moto kisha kikatiwa sumu, ikadaiwa kwamba kimeinywa. Alihukumu kwamba kikioshwa kwa maji kimetahirika, kwa kuwa tahara huangalia yaliyo dhahiri, si yaliyomo ndani ya vitu. Hukumu hii ina rehema kubwa, kwani inamtua mja mzigo wa kuchunguza asichoweza kukiona; lakini hailiokoi tabaka jeusi, ambalo ni uso wa chuma wala si undani wake. Wafuasi wa madhehebu ya Hanafi hukubali istihala, yaani kitu najisi kugeuka kitu kingine na hivyo kutahirika, ilhali Washafi huikubali katika mambo machache tu, kama vile mvinyo uliogeuka siki wenyewe. Kwa Mshafi, kwa hiyo, tabaka lenye shahamu ya nguruwe likwanguliwe mpaka chuma kitupu kionekane, kioshwe mara saba, mojawapo kwa udongo, ndipo kitayarishwe upya kwa mafuta ya nazi au ya alizeti.

Hayo yanahusu bamba ambalo habari zake zajulikana kwa yakini. Lisilojulikana lina hukumu nyepesi zaidi, kwa sababu asili ya vyombo, hata vya wasio Waislamu, ni tahara mpaka najisi ithibitike, ingawa kuviosha kwanza ni bora. Anayemhoji jirani Mkristo juu ya kila alichowahi kukaanga, kabla ya kupokea bamba lake kwa ajili ya hitima, anajitwisha wajibu ambao sheria haikumtwika, na anamvunjia heshima mtu aliyekuja kumsaidia msibani.