Tafakuri ya leo, Ramadhani 12: Usimwite kobe



Mchicha ukisinyaa pale soko la Temeke Stereo, muuzaji anaunyunyizia maji, unasimama tena. Seli ya mmea ina ukuta, na ndani ina ghala la maji. Seli zetu hazina ukuta, zina utando mwembamba tu. Chembe nyekundu ya damu ni laini na duara, ipenye mishipa midogo kabisa. Kwa mwenye selimundu, mwili ukipungukiwa maji chembe hizo hujipinda kama mundu, zinaziba mishipa, na maumivu yake si mchezo.

Sasa unamkuta kijana wa jirani anakunywa maji saa nane mchana, unamwita kobe. Umeyajuaje yaliyo ndani ya damu yake? Allah amempa mgonjwa ruhusa, Surat al-Baqara aya ya 184 na 185: atalipa siku nyingine. Na asiyetarajia kupona, wanavyuoni wanasema atoe fidya, alishe maskini mmoja kwa kila siku.

Mzazi mwenye mtoto wa selimundu, muulize daktari kwanza, usimlazimishe kufunga. Ruhusa ya Mola si aibu.

Allah azipokee swaumu zetu, awape shifaa wagonjwa wetu. Amin.