Haki ya Mpita Njia

Njia ni kitu ambacho kila mtu hukitumia na wachache hukifikiria. Nyumba husifiwa kwa uzuri wake, bustani kwa maua yake, na soko kwa wingi wa bidhaa zake. Lakini njia iviunganishayo vitu hivi hukanyagwa bila ya kushukuriwa. Hata hivyo, msomaji, nyumba huvunjwa na kujengwa upya, na njia iliyopita mbele yake hubaki pale pale. Mtu akataye njia leo huwachagulia watu ambao hawajazaliwa mahali pa kupita. Kwa sababu hii swali la njia si la wahandisi peke yao. Ni swali la haki, nalo ni hili: Je, mwenye ardhi aweza kumfungia mwenzake njia kwa sababu tu ardhi ni yake?

Tuuchukue mji wa Nairobi kuwa mfano. Ulianza mwaka 1899 kuwa kituo cha reli katika uwanda wenye majimaji. Ulipokua, watawala wa zamani zile waliwatenga wakazi kwa rangi: Wazungu wakapewa miinuko yenye ubaridi ya magharibi na kaskazini, Waasia wakawekwa pande za Parklands na Ngara, na Waafrika wakasukumwa mashariki. Utengano huu haukuandikwa katika karatasi tu. Uliandikwa pia katika ardhi. Karatasi zilifutwa, lakini ardhi haisahau upesi. Muthaiga na Mathare zatazamana hata leo kuvuka Barabara ya Thika. Upande mmoja una bustani pana, na upande wa pili una vibanda vilivyobanana, na aghalabu jirani hamjui jirani.

Walakini si haki kumtwika mtawala wa kale lawama yote. Mwaka 1963 mipaka ya mji ilipanuliwa hata ikazunguka karibu kilomita za mraba 700. Hesabu ya mwaka 2019 iliwakuta humo watu 4,397,073, na mji umekwisha kufurika nje ya mipaka hiyo hata Ruiru, Kitengela na Ongata Rongai. Huko shamba la kahawa au malisho ya ng'ombe hununuliwa, hupimwa viwanja, hukatiwa barabara moja ya kuingilia kutoka barabara kuu, kisha huwekewa lango. Mwenye shamba la pili hufanya vivyo hivyo. Barabara mbili zaja kukomea kwenye ukuta mmoja, kila moja kwa upande wake, kama ndugu wawili waliogombana. Hakuna aliyekusudia ubaya, na ubaya umetendeka.

Fikiri mtoto ambaye shule yake iko nyuma ya ukuta huo. Kama ungalikuwapo mlango, angalifika kwa hatua mia. Kwa kuwa haupo, hana budi kuteremka hadi barabara kuu, kuifuata kando ya magari na vumbi, kisha kupanda tena. Tuseme mzunguko huu wamzidishia kilomita moja asubuhi na moja jioni. Katika siku 200 za masomo atakuwa ametembea kilomita 400 za bure; mwendo huo ungalimtoa Nairobi ukampitisha Voi katika njia ya Mombasa. Mwenye gari huilipa gharama ya ukuta kwa petroli kidogo. Aendaye kwa miguu huilipa kwa mwili wake. Aliyeujenga halipi kitu. Hapa ndipo dhuluma ilipojificha: raha ni ya mmoja, na gharama ni ya mwingine asiyeulizwa.

Mwenye lango naye ana hoja, na ni wajibu wetu kumsikiliza. Asema kuwa aogopa wezi, na kwamba ataka watoto wake wacheze bila ya hatari ya magari. Hofu yake si uongo, wala haja yake si dhambi. Lakini njia isiyopitwa na watu haina macho, na penye upweke mwizi hufanya kazi kwa utulivu. Tena, siku ya moto au ya maradhi ya ghafula, jirani aliye nyuma ya ukuta husikia kelele wala hawezi kufika. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Wengine wametutangulia katika jambo hili. Mwaka 1936 idara ya nyumba ya serikali ya Marekani iliwashauri wajenzi waziache njia zinazokatana, wajenge njia zisizotokea, kwa ajili ya utulivu. Vitongoji vingi vikajengwa hivyo kwa miaka mingi, hata mtu akawa hawezi kununua mkate bila ya gari. Miaka ya 1990 miji kadhaa ya huko ilianza kuamuru kila mtaa mpya uunganishwe na wa jirani. Lakini amri hiyo haikuweza kuzirudia njia zilizokwisha kukatwa.

Kwetu pia pana mafunzo. Katika mji wa kale wa Lamu vichochoro ni vyembamba, nayo nyumba ni za faragha kubwa. Mwenye nyumba aliyehitaji nafasi zaidi aliweza kujenga chumba juu ya kichochoro, kutoka ukuta wake hadi ukuta wa ng'ambo. Chumba hicho huitwa wikio. Mwenyewe hupata makao yake juu, na mpita njia hupata kivuli chini. Haja ya mmoja ilitimizwa pasipo kuikata haki ya wengi.

Basi, msomaji, yamkini siku moja utamiliki kiwanja, au utakaa katika baraza litoalo ruhusa ya ujenzi. Siku hiyo usiulize tu kama ukuta ni halali. Uliza pia ni nani atakayezunguka kwa ajili yake, na kwa hatua ngapi. Ikiwa huna budi kuyazuia magari, yazuie. Lakini mwachie aendaye kwa miguu mlango wa kumtosha yeye na mzigo wake. Hilo ni jambo dogo kwa mwenye ukuta, na kwa mpita njia ni sehemu ya maisha yake aliyorudishiwa.