Meneja Ale Mwisho

Machi 2020, Meja Jenerali Mohamed Badi alikabidhiwa huduma za jiji la Nairobi. Septemba mwaka huohuo, Tume ya Nyama ya Kenya ikahamishiwa Wizara ya Ulinzi. Wapo walioshangilia: mwanajeshi hana mchezo!

Polepole, jamani. Embu, kwenye kituo cha kununulia majani chai cha kiwanda cha Rukuriri au Mungania, mkulima aliyedamka kuchuma majani mawili na chipukizi amepanga foleni. Karani anatundika gunia kwenye mizani, anasoma kilo. Saluti itamsaidia nini mkulima huyo? Cha kuazima jeshini ni kingine: katika kikosi cha Marine cha Marekani, ofisa hula baada ya askari wake. Meneja akitangulia kwenye sahani, karani naye atamega kilo.

Wameru nao wanajua kwamba uaminifu hauletwi na cheo cha kijeshi. Wazee wa Njuri Ncheke, baraza lenye makao Nchiru, hula kiapo, hawategemei bunduki.

Basi wakulima, mnapowapigia kura wakurugenzi wa kiwanda, acheni kuhesabu vyeo. Ulizeni mgombea alivyotunza fedha za chama alichoongoza mara ya mwisho.