Kuhesabiwa na Kusikilizwa

Raia ni nani? Jibu jepesi ni kwamba raia ni mtu aliyehesabiwa na dola. Lakini ng'ombe nao huhesabiwa zizini kila jioni, wala hesabu hiyo haiwapi uraia. Hapana budi kutafuta jibu jingine.

Marekani ililikuta swali hili mlangoni mwa uhuru wake. Azimio la 1776 lilitangaza kwamba watu wote wameumbwa sawa. Miaka 11 baadaye, Katiba iliyotungwa Philadelphia ilikubali watumwa 5 wahesabiwe kama watu 3 katika kugawanya viti vya bunge. Mtumwa alihesabiwa ili sauti ya mabwana iwe kubwa, naye mwenyewe akabaki bubu. Katika New Jersey wanawake wasioolewa wenye mali walipiga kura, mpaka haki hiyo ilipoondolewa 1807.

Wakurya wa Tarime na Serengeti wana iritongo, baraza la jamii ambamo shauri la wizi wa mifugo husemwa hadharani. Wana pia inchama, baraza la siri la wazee wa mila, lenye neno katika kupanga msimu wa tohara. Kwa desturi mabaraza haya yalikuwa ya wanaume. Binti alihesabiwa katika ukoo, na mahari yake katika zizi. Neno lake halikutakiwa.

Mtetezi wa mila ana hoja isiyostahili dharau. Atasema kwamba desturi iliwashika pamoja Wakurya hata baada ya mpaka wa wakoloni kuwagawa kati ya Kenya na Tanganyika. Na kwamba mtoto haulizwi anapopelekwa shuleni au anapopewa dawa. Ni kweli. Lakini shule na dawa humwongezea mtoto uwezo wa kuchagua atakapokua. Kisu cha ukeketaji humpunguzia, na alichokitwaa hakirudi. Mkubwa ana haki ya kumwamulia mdogo kwa kadiri anavyomtunzia uhuru wake wa kesho.

Sheria ya 1998 ilikataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Hata hivyo, sheria isiyojadiliwa kijijini husikika kama amri ya mgeni, na watu huikwepa usiku. Mwaka 2014 nyumba salama ilifunguliwa Mugumu, wilayani Serengeti, kuwapokea wasichana wanaokikimbia kisu. Miguu yao ilisema barazani neno ambalo vinywa vyao havikuruhusiwa kulisema.

Wamarekani hawakuichoma Katiba yao kwa sababu ya aibu yake. Waliirekebisha 1865 kwa kufuta utumwa, na 1920 kwa kuwapa wanawake kura nchini kote. Iritongo nalo halihitaji kuvunjwa, lahitaji kupanuliwa. Mapatano humfunga kwa haki mtu aliyepewa nafasi ya kuyapinga. Asiyepewa nafasi hiyo hutii kwa hofu tu, na utii wa hofu si uraia.